Nilisema Nimezaa Mmoja

Daktari aliniuliza nimezaa watoto wangapi, nikasema mmoja. Sikufikiri. Nilijibu haraka kama ninavyojibu kila kitu, nimekaa ukingoni mwa kiti, mkoba begani, tayari kuondoka. Mimi si mtu wa kukaa. Mume wangu husema nilizaliwa na miguu ya mtu mwingine, mtu aliyekuwa na safari zake. Mtoto mwenyewe, huyo mmoja, alikuwa na miaka tisa, yupo karibu na dirisha anachora kuku nyuma ya karatasi ya vipimo vyake.

Ilikuwa Dar es Salaam, wodi ya watoto wenye saratani. Tulidhani tumeshaaga pale. Mwaka mmoja kabla ya hapo alimaliza dawa, manesi wakampigia makofi, tukarudi nyumbani Bigwa, Morogoro, nywele zikaota, akarudi shule. Kisha zikaanza homa, na alama za kuvilia damu mapajani, ingawa hakukumbuka kuanguka popote. Saratani ya damu ilikuwa imerudi. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kiumri, mwenye raba nyeupe zilizochoka, alinieleza bila kuzunguka. Dawa zingeweza kuizima tena, alisema, lakini zenyewe peke yake zisingeishikilia. Ikishazimwa, mtoto atahitaji kupandikizwa uloto, zile seli shina zilizo ndani ya mifupa ambazo ndizo zinazotengeneza damu, kutoka kwa mtu mwingine. Na mtu wa kwanza kutafutwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

"Hana ndugu?" aliuliza.

"Hana."

"Basi tutawapima ninyi wazazi. Mzazi na mtoto hulingana nusu. Inafanyika, ila ni njia ngumu zaidi."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, kwa sababu najua. Ninafundisha biolojia sekondari mjini Morogoro. Kila mwaka nawachorea kidato cha nne visanduku vinne ubaoni na kuwaeleza mtoto anapata nini kwa baba na nini kwa mama. Nilitoka pale nikampigia mume wangu. Yeye ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari upande wa Turiani, na siku za kazi hulala hukohuko.

"Umemwambia una mtoto mmoja?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Nilisikia mashine nyuma yake.

"Mimi ninao wawili," alisema.

Nikamkatia simu. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikaa nayo miaka kumi na minne bila kuisema.

Mtoto wetu wa kwanza tulimpa dada yangu. Dada ananizidi miaka sita, anaishi Mgeta, huko juu milimani tulikozaliwa, analima karoti na kabichi kwenye matuta. Mimba zake zote ziliharibika, na baada ya ile ya nne mume wake alishuka mjini kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, ni wa lukolo, yaani ukoo wetu sote tuliotoka tumbo la bibi mmoja. Aliyezaa ni mama na dada yake ni mama. Kwenye ukoo wetu, kumpa dada yako mtoto alee si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kumdai tena. Marehemu mama yangu alishuka Bigwa mwenyewe, akakaa siku tatu anapepeta mchele wetu bila kusema lililomleta, siku ya nne akasema. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko chuo cha ualimu, mtoto ameshaacha ziwa. Mume wangu ni mtu wa Singida, kwao mtoto ni wa baba, na hakuelewa hata sentensi moja ya maneno yale. Lakini alikuwa kijana, yuko ugenini, na mbele yake amekaa mjomba wangu, mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo wetu. Akaitikia.

Tukampandisha mtoto mlimani, na tangu siku ile mimi nikawa mama mdogo. Masharti hayakuandikwa popote, wala hakuna aliyeyasahau. Hakuna kusema "mwanangu". Hakuna kumpakata kuliko unavyowapakata watoto wengine wa ukoo. Alipotaka kuanza shule, cheti cha kuzaliwa kiliandikwa jina la dada kwenye nafasi ya mama. Nilikuwepo siku hiyo. Kalamu ilikuwa yangu.

Kwa hiyo daktari aliponiuliza, sikuona kama nadanganya. Nilijibu kama mtu wa kwetu. Nilikuwa nimejibu hivyo kwa wapangaji, kwa walimu wenzangu, kwa watu wa sensa, na ulimi ulikuwa umeshazoea njia.

Wiki tatu zikapita namna hiyo. Tulipimwa mimi na mume wangu, mtoto akaanza dawa upya, nywele zikaanguka tena juu ya mto. Mama mkwe alikuja kusaidia, tukawa tunapokezana wodini. Zamu yangu ya kuwa nyumbani ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilifagia uwanja mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilikuwa nikiweka chai, naisahau, naiweka nyingine. Kila nilipoinua macho niliiona milima, ipo palepale nyuma ya nyumba kama siku zote, na nikageukia upande wa barabara.

Kilichonishinda ni ubao. Nilikuwa darasani, nimeshachora visanduku vyangu vinne, nikasikia sauti yangu ikisema, "Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kupata kisanduku kilekile." Chaki ilikuwa bado mkononi. Nikawaambia wasome wenyewe ukurasa unaofuata, nikatoka, nikasimama nyuma ya maabara na kumpigia daktari.

"Ninaye mtoto mwingine," nilisema. "Wa baba yuleyule. Ana miaka kumi na mitano."

"Wiki tatu, mama," alisema. Hakuongeza neno juu ya hilo, na nilitamani angeongeza. Kisha akanieleza yanayotakiwa. Binti aelezwe ukweli wote kabla hata ya kutolewa damu ya kipimo, akubali kwa kinywa chake mwenyewe, na mzazi wake asaini fomu ya ridhaa.

"Mzazi wa kwenye cheti?"

"Wa kwenye cheti."

Jumamosi nilipanda Mgeta na gari linalobeba abiria na magunia, halafu nikatembea. Njiani nilijiandalia hotuba. Niliianza kwa salamu za nyumbani, nikapitia ugonjwa, nikaeleza uloto kwa lugha nyepesi, nikafika kwenye ombi. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilimkuta dada kijitoni anaosha karoti kwenye beseni, sketi kaikunja magotini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona bila taarifa? Mtoto anaendeleaje?"

Hotuba yote ikaruka. "Wanatafuta ndugu," nilisema. "Wa baba mmoja, mama mmoja."

Aliendelea kusugua karoti moja, ileile, muda mrefu.

"Umekuja kumchukua," alisema.

"Nimekuja kuomba uloto wa mwanao."

Nililitamka neno hilo vizuri, mwanao, kama nilivyofundishwa. Hata hivyo aliweka karoti chini na kulia, na mimi badala ya kumshika nikaanza kupanga karoti kwa ukubwa. Niliona haya, lakini mikono ilikataa kuacha.

"Watamtoboa mfupa?" aliuliza alipopata sauti.

"Nyuma ya nyonga. Atakuwa amelala kwa nusu kaputi, hatasikia. Atauguza kidonda siku chache tu, na uloto unaotolewa mwili unautengeneza tena."

"Na asipozinduka?"

"Huwa wanazinduka."

"Huwa," alisema dada. "Mimi ninaye huyu tu."

Miaka kumi na minne nilijiona mimi ndiye niliyetoa, na nilibeba sifa hiyo moyoni kama mtu anayebeba kitambulisho. Pale kijitoni ndipo nilipoelewa kwamba ninachomwomba ni kikubwa kuliko nilichompa. Mimi nilimtoa mtoto mzima wa afya akakae kwenye nyumba iliyompenda. Yeye nilikuwa namtaka amlaze mwanawe wa pekee kitandani hospitali kwa ajili ya wangu.

"Mjomba lazima ajue," alisema hatimaye.

Mjomba tulimkuta barabarani anapakia kabichi kwenye lori, shati limelowa jasho, anamgombeza dereva kwamba anazirusha. Hakuacha kazi. Alitusikiliza akiwa amekumbatia kabichi mbili.

"Damu ni ya lukolo," alisema. "Mtoto huyu wa lukolo, na yule wa lukolo. Nani kakataza? Ninyi mnachogombania ni kuitwa mama. Mkamuulize mtoto, mimi lori linaondoka."

Nilimchukia siku hiyo kwa wepesi wake. Baadaye nilikubali kwamba hakuna mtu mwingine aliyeliweka jambo wazi namna ile.

Binti alikuwa jikoni anamenya viazi. Naye hajui kutulia. Tangu anaanza kutembea ana mtindo wa kupiga kisigino chini akiwa amekaa, kimoja, kama anayehesabu. Dada alianza kusema mara mbili akashindwa. Nikataka kuingilia, akaninyooshea mkono nikae kimya. Mara ya tatu alisema lote: kwamba huyu mama mdogo ndiye aliyekuzaa, kwamba mdogo wako anaumwa, kwamba hospitali wanakuhitaji wewe.

"Najua," alisema binti.

"Unajua lipi?"

"La kunizaa. Kwenye msiba wa bibi, wanawake waliokuwa wanapika walidhani nimelala." Akamenya kiazi kingine. "La mdogo wangu kuumwa hivyo sikujua. Hilo mngeniambia."

Niliutazama mlango. Nilitaka kutoka, nitembee mpaka miguu iume, na nilibaki kwa sababu alikuwa ananitazama.

"Nikikubali," alisema, "halafu watu wakaniuliza mama yangu ni nani, nimtaje nani?"

Dada hakuinua uso. Moshi wa jikoni ulikuwa unamtoa machozi, au alikuwa analia tena. Najua kulikuwa na jibu nililolitaka. Nilikuwa nimelitaka kila mwaka, kila siku yake ya kuzaliwa, ambayo nilikuwa naikumbuka kwa kutomwambia mtu.

"Huyu," nilisema, nikamwonyesha dada. "Huyu ndiye mama yako."

Alifikiri kidogo, kisigino kikipiga chini. "Sawa," alisema. "Nitatoa."

Alishuka na dada, akatolewa damu ya kipimo, na majibu yakachukua siku kumi na mbili. Sitazielezea. Mtu anayejua hesabu ya visanduku vinne anajua pia kwamba vitatu si vyake. Siku ya kumi na tatu daktari alipiga simu nikiwa katika kikao cha walimu, nikainuka, nikamsikiliza nimesimama katikati ya watu. Alisema binti analingana na mdogo wake kabisa. Nikasema ahsante, nikakaa, kisha nikainuka tena nikaenda kulia chooni.

Hospitali yenyewe haikuwa ile ya Dar. Dawa zilipoizima saratani tulihamishiwa nyingine, huko bara, inakofanyika kazi hiyo, na siku ya safari tulipanda treni ya umeme pale Morogoro, watu watano: mume wangu, mimi, dada na mabinti wawili. Wao wawili walikaa dirishani upande mmoja. Mdogo, mwenye barakoa iliyomfunika mpaka macho, alikuwa ameshaambiwa, na kwake halikuwa jambo zito hata kidogo. Alikuwa anamwita mwenzake dada tangu zamani, akaendelea kumwita dada.

Fomu zilikuwa mbili. Ya mgonjwa nilisaini mimi, ya mtoaji alisaini dada. Afisa wa pale alisoma karatasi, akasoma majibu ya maabara, akatutazama, akasoma tena. Vyeti vilisema hawa ni watoto wa mama wawili, damu ilisema vingine. Daktari wa hapo alikuwa ameshapewa maelezo na mwenzake wa Dar. "Wameshaeleza," alimwambia afisa. "Endelea." Kisha akaniuliza, kwa ajili ya faili, nimezaa watoto wangapi. Nikasema wawili. Dada alikuwa kiti cha pembeni. Alinipa kitambaa chake kabla sijajua kwamba nakihitaji.

Mdogo aliingizwa kwenye chumba cha peke yake, milango miwili, hakuna anayeingia ila mlezi mmoja aliyenawa mpaka viwiko. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani na watu, analishwa na kufundwa mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hizi ni siku chache tu za likizo, dada yake alikuwa ameshapitia. Basi mdogo akatangaza kwamba yeye amekuwa mwali kabla ya wakati, na anataka akitolewa achezewe ngoma. Alitangaza hivyo siku mbili za mwanzo. Zilipoanza dawa kali za kuufuta uloto wake wote, akatokwa na vidonda mdomoni akaacha kusema. Daktari alikuwa ametueleza mapema: dawa hizo zikishaingia, hakuna kurudi nyuma. Mwili wake hautakuwa na uwezo wa kutengeneza damu tena mpaka awekewe uloto wa dada yake. Kama binti angeghairi asubuhi ya kutoa uloto, au akashindwa kuzinduka, ningebaki na nini? Nililiuliza swali hilo koridoni, kwa sauti, mtu wa usafi akageuka.

Uloto ulitolewa asubuhi, mdogo akawekewa mchana. Nilitegemea jambo kubwa. Ulikuwa mfuko mmoja wa rangi ya damu nzito, umetundikwa kama dripu yoyote, unatiririka taratibu kwenye mrija wa kifuani. "Ni hiki tu?" aliuliza mdogo. Nikamwambia ni hicho tu. Kilipokwisha nesi aliufunga mrija na kuandika saa.

Halafu wiki za kungoja chembe nyeupe za damu. Kila asubuhi wanachukua damu, kila asubuhi hakuna kitu. Nilivaa barakoa, nikanawa, nikafuta meza iliyofutwa, nikakunja shuka lililokunjwa, mpaka mtoto akaniambia kwa sauti iliyobaki, "Mama, kaa basi." Siku ya kumi na nane daktari alikuja na karatasi ameikunja, na nilijua kwa jinsi alivyotembea. Zilikuwa zimeonekana. Chache sana, lakini si zake, zilikuwa za dada yake, zimeshika na kuanza kazi.

Sasa tuko Bigwa. Bado tunaenda kliniki, bado kuna vidonge vya asubuhi na jioni vya kuzuia damu mpya isipigane na mwili, na upele mmoja tu kwenye mkono wake unatosha kunikosesha usingizi. Daktari hasemi amepona. Anasema tunaendelea vizuri, na nimejifunza kutomlazimisha aseme zaidi. Nywele zimeota, za kipilipili kuliko za kwanza. Ngoma yake anaidai hata leo.

Lakini nimekimbia mbele, kama kawaida yangu, na kuna sehemu nimeiruka makusudi. Ni ile asubuhi ya uloto.

Walimchukua binti saa mbili. Mume wangu alikuwa ndani kwa mdogo, mimi na dada tukabaki kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Dada alikaa. Mimi nilitembea toka mlango mpaka dirisha, toka dirisha mpaka mlango, hadi kandambili moja ikakatika, nikatembea nayo hivyohivyo. Saa nne kasoro wakatuita. Binti alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, amelazwa ubavu, bandeji nyuma ya nyonga, midomo mikavu. Tuliwekewa viti viwili, kimoja kila upande. Nesi alisema dawa inaisha polepole, tumwache.

Nilikuwa naitazama miguu yake chini ya shuka. Kwanza ilikuwa imetulia kabisa, na sikuwahi kuiona imetulia. Kisha kisigino kimoja kikaanza, kidogo, kikisugua godoro. Akafungua macho bila kuona mtu, akasema, "Mama."

Tuliinuka wote wawili.

Dada alinitazama juu ya kitanda. Hakunikataza. Nafikiri angeniachia, asubuhi ile angeniachia chochote. Na mwili wangu wote ulikuwa umeshaondoka, mkono umeshafika kwenye shuka. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunikalisha, niliurudisha mkono na kukaa.

"Nipo, mwanangu," alisema dada.